Bastola Kiunoni, Leseni Mfukoni: Kisa cha Texas na Muswada wa HB 910

Tarehe 13 Juni 2015, Greg Abbott, gavana wa Texas, aliiacha ofisi yake akaenda Pflugerville, mji ulio kaskazini ya Austin, na ndani ya jengo la kulengea shabaha akatia saini miswada miwili ya silaha. Mmoja uliruhusu wenye leseni kuingia na bastola zilizofichwa katika majengo ya vyuo vikuu vya umma. Wa pili, HB 910 (HB ni kifupi cha Kiingereza cha muswada wa Baraza la Wawakilishi), ndio wa kisa hiki. Kuanzia tarehe 1 Januari 2016, mwenye leseni ya bastola angeweza kutembea nayo hadharani ikionekana, mradi iwe kwenye ala, yaani mfuko wa bastola, iliyofungwa mkandani au begani.

Anayeijua Texas kwa sinema za wachunga ng'ombe atauliza: kwani walikuwa hawatembei nazo? Hawakuwa. Mwaka 1871, miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, jimbo likiwa chini ya Gavana Edmund J. Davis, bunge la Texas lilipiga marufuku kubeba bastola hadharani, isipokuwa kwa wasafiri, waliokuwa na sababu ya kuhofia kushambuliwa, na wakazi wa mpakani. Marufuku hiyo ilibadilishwa vipengele mara kadhaa lakini mzizi wake ulibaki. Mwaka 2015 Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo sita tu yaliyokataza bastola ya wazi, ikikaa benchi moja na California na New York, majirani ambao Mtexas wa kawaida angeona haya kutajwa nao.

Ajabu zaidi ni kwamba marufuku hiyo haikuzigusa bunduki ndefu. Mtu mzima aliweza kupita mbele ya duka na bunduki aina ya AR-15 begani, bila leseni, bila mafunzo, bila kuulizwa na yeyote. Lakini aliyesomea leseni, akachukuliwa alama za vidole na kukaguliwa rekodi yake ya jinai, akivua koti makusudi ili bastola yake ionekane, alikuwa ametenda kosa. Utetezi wote wa HB 910 ulisimama juu ya mkanganyiko huo, na kusema kweli si utetezi wa kubeza.

Leseni yenyewe ilitoka kwenye msiba. Tarehe 16 Oktoba 1991, mtu alilipitisha gari lake kwenye dirisha la mbele la mkahawa wa Luby's mjini Killeen, akaingia ndani akifyatua risasi, akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa kwenye gari kwa sababu sheria haikumruhusu kuingia nayo. Baba na mama yake waliuawa pale pale. Hupp alizunguka nchi nzima akitoa ushahidi, kisha akachaguliwa kuwa mbunge. Mwaka 1993 Gavana Ann Richards aliukataa muswada uliotaka wananchi waulizwe kuhusu bastola za kufichwa. Mwaka uliofuata alishindwa uchaguzi na George W. Bush, na mwaka 1995 Bush akasaini sheria ya leseni. Toka mwanzo, basi, leseni ya Texas ilikuwa ya bastola isiyoonekana. Jina lake rasmi lilisema hivyo hivyo: leseni ya silaha iliyofichwa.

Kuipata kulikuwa na jasho kidogo. Uwe na miaka 21, ila wanajeshi waliruhusiwa kuanzia 18. Ada ilikuwa dola 140. Unakaa darasani kwa saa kadhaa, unafanya mtihani wa kuandika, kisha unakwenda kwenye shabaha: risasi 50 kwa karatasi yenye umbo la mtu, 20 kwa umbali wa yadi 3, 20 kwa yadi 7, na 10 za mwisho kwa yadi 15. Asilimia 70 inatosha kufaulu. Yadi 3 ni chini ya mita 3, yaani kama kutoka ulipokaa hadi mlango wa sebule. Atakayekosa hapo labda aombe miwani kabla ya leseni. Hata hivyo mtihani ulikuwepo, na serikali ilijua ni nani waliofaulu. HB 910 iliposainiwa, wenye leseni walikuwa zaidi ya 800,000.

Kilichobadilika mwaka 2014 ni mbinu za wanaharakati. Makundi yaliyodai bastola ya wazi yalianza kuitumia ile ruhusa ya bunduki ndefu kama fimbo ya kuchokoza. Watu waliingia mikahawani na madukani na bunduki begani, wakapiga picha, wakaagiza chakula. Hoja yao ilikuwa hii: mkiona hizi zinawatisha, basi turuhusuni bastola, tutaziacha bunduki nyumbani. Mei 2014 kampuni ya Chipotle iliwaomba wateja wasije na silaha, na Julai Target ikafuata. Hata NRA, chama kikubwa cha wenye silaha nchini humo, kilitoa tamko la kuwakemea, kisha kikalirudisha mfukoni baada ya kelele za wanachama wake.

Bunge lilipofunguliwa Januari 2015, baadhi ya wanaharakati hao waliingia ofisini kwa Poncho Nevárez, mbunge wa Eagle Pass, na video yao wenyewe ikaonyesha wakikataa kutoka baada ya kuombwa. Wabunge walijibu kwa kuruhusu ofisi zao ziwekwe vitufe vya dharura vya kuwaita askari. Fikiria: watu wanaotaka kuushawishi umma kwamba mtu mwenye silaha ni mtulivu na mstaarabu wanalifanya bunge liweke kengele za hatari. Luteni Gavana Dan Patrick, anayeiendesha Seneti, aliwahi kusema wakati huo kwamba kura hazitoshi. Wapiga kura wa chama chake walimjia juu, na haukupita muda muswada ukawekwa mezani.

Jengo lenyewe la bunge mjini Austin lilikuwa na kichekesho chake. Mlangoni kuna mashine za kukagua vyuma. Mgeni asiye na silaha anapanga foleni, anavua mkanda, anatoa funguo. Mwenye leseni ya bastola ana njia yake ya pembeni: anaonyesha kadi na kupita, bastola ikiwa mwilini. Baadhi ya washawishi wa wabunge na waandishi wa habari wasio na hamu yoyote ya silaha walikwenda kusomea leseni ili tu wakwepe foleni. Usisahau jambo hili, kwa sababu mlango ule ulikuwa mahali ambapo leseni ilifanya kazi iliyokusudiwa: askari anaiona kadi kwanza, ndipo anairuhusu silaha. Barabarani mambo ni kinyume. Askari anaiona silaha, kadi haioni.

Kwenye pengo hilo ndipo muswada ulikaribia kuzama.

Larry Phillips, mbunge wa Sherman, ndiye aliyeuleta HB 910. Ulipofika kwenye mjadala wa Baraza la Wawakilishi, Harold Dutton, mbunge Mweusi wa chama cha Demokratik kutoka Houston, alisimama na nyongeza fupi: askari asimsimamishe mtu kwa sababu pekee kwamba amebeba bastola ndani ya ala, ili kumwuliza kama ana leseni. Dutton hakuwa shabiki wa muswada. Hofu yake ilikuwa ya watu wake. Alijua kijana Mweusi mwenye bastola kiunoni na mzee Mzungu mwenye bastola kiunoni hawatasimamishwa kwa kiwango kimoja. Na waliomuunga mkono kwa nguvu walikuwa Warepublican wa mrengo wa kulia kabisa, wasiotaka serikali ikague haki yoyote ya silaha. Seneti nayo, baada ya mvutano, ilipitisha maneno yaliyokaribia kuwa yale yale, safari hii kwa jina la Don Huffines, seneta Mrepublican wa Dallas. Mweusi wa Houston na tajiri wa kihafidhina wa Dallas wakajikuta wameshika kamba upande mmoja.

Kwa msomaji wa Dar au Nairobi ubishi huu unahitaji kufunguliwa kidogo. Kwetu trafiki akinyoosha mkono unasimama. Akisema "leseni" unatoa leseni, na humwulizi kwa nini amekuchagua wewe katika magari arobaini. Marekani, kisheria, haiko hivyo. Mwaka 1979, katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba polisi hawezi kumsimamisha dereva mmoja mmoja kiholela kwa ajili tu ya kukagua leseni. Lazima awe na sababu ya kushuku kosa. Wana-Huffines walisema: kama gari, ambalo huwezi kuliendesha bila leseni, halisimamishwi kwa kuonekana tu barabarani, bastola isimamishwe kwa nini?

Polisi walikuwa na jibu, na mimi naona lilikuwa jibu la kisheria kweli, si la kibabe. Katika Texas ya wakati huo kubeba bastola lilikuwa kosa, na leseni ilikuwa ndiyo inayomwondoa mtu kwenye kosa hilo. Kwa hiyo anayeonekana na bastola anaonekana akitenda jambo ambalo bila leseni ni jinai. Asipoulizwa, sharti la leseni litasimamiwa na nani? Mhalifu aliyekatazwa silaha atanunua ala ya mkandani, avae, apite mbele ya kituo cha polisi akisalimia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini askari huyu angeambiwa atazame na asiulize. Wakuu wa polisi wa miji mikubwa, akiwemo Art Acevedo wa Austin, tayari walikuwa hawaupendi muswada. Nyongeza hii iliwafanya viongozi wa polisi wamtake gavana akatae kuusaini.

Kila upande ulikuwa umeshika nusu ya ukweli, na nusu hizo mbili hazikuweza kukaa ndani ya sheria moja. Ukiruhusu polisi waulize, haki ya bastola ya wazi inakuwa haki ya kusimamishwa kila kona, na wengine watasimamishwa zaidi ya wengine. Ukiwazuia, leseni inabaki karatasi ya hiari. Waliotunga sheria ya 1995 hawakukutana na swali hili kwa sababu bastola iliyofichwa haionekani, na kisichoonekana hakimshawishi askari kuuliza. Kuiweka nje ya koti ndiko kulikoifichua leseni kwamba haina mwenyewe wa kuisimamia.

Mei hiyo hiyo, tarehe 17, magenge ya waendesha pikipiki yalipigana kwa risasi nje ya mkahawa mmoja mjini Waco, watu tisa wakafa. Waliounga mkono muswada walisema hayahusiani, na kwa kuwa wale hawakuwa watu wa kungoja ruhusa ya bunge, hoja ilipita bila taabu.

Baraza la Wawakilishi lilikataa kuyapokea maneno ya Seneti, muswada ukapelekwa kwenye kamati ya pamoja ya mabunge mawili, na kamati ikaifuta nyongeza. Tarehe 29 Mei 2015 HB 910 ulipita kwa kura 102 dhidi ya 43 katika Baraza na 20 dhidi ya 11 katika Seneti. Swali la kama askari anaweza kusimamisha au hawezi halikujibiwa popote. Sheria ilikaa kimya, na kila idara ya polisi ikaachiwa kuamua itawaambiaje askari wake.

Mzigo mwingine ulishushwa mlangoni pa wafanyabiashara. Hapa sheria iliingia kwenye undani wa kuchekesha. Mwenye duka asiyetaka bastola za wazi alitakiwa kubandika bango la kifungu cha 30.07 cha Sheria ya Makosa ya Jinai. Karatasi ya "Hakuna silaha" iliyochapwa kwa kompyuta haitoshi. Bango lazima liwe na maneno maalumu yaliyotungwa na sheria, neno kwa neno, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, herufi za urefu usiopungua inchi moja, rangi zinazotofautiana na zilipoandikwa, na libandikwe kila mlango wa kuingilia mahali linapoonekana. Hiyo ni ya bastola ya wazi tu. Asiyetaka hata ile iliyofichwa anahitaji bango la pili, la 30.06, lenye masharti kama hayo. Ukiwa na chumba chako cha kinyozi chenye mlango mmoja mwembamba wa kioo, mabango hayo mawili yanakula kioo chote na bei za kunyoa hazina pa kukaa. Baa zinazopata asilimia 51 au zaidi ya mapato kwa pombe inayonywewa hapo hapo zina bango lao jingine lenye namba 51 kwa wekundu, na huko bastola ilikuwa marufuku hata kwa mwenye leseni.

Aliyelipuuza bango alikabiliwa na faini isiyozidi dola 200. Akiambiwa kwa mdomo atoke na akagoma, kosa linapanda daraja hadi kifungo kinachoweza kufika mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusimamia sheria hii hakuwa askari. Alikuwa mhudumu wa kaunta anayelipwa kwa saa, anayetakiwa kumwendea mteja mwenye bastola na kumwambia, samahani bwana, naomba utoke. Whataburger, hoteli za baga ambazo Watexas wanazipenda kama sisi tunavyopenda chipsi mayai, ilitangaza mwezi uliofuata kusainiwa kwa sheria kwamba haitaki bastola za wazi ndani. Supamaketi za H-E-B nazo zikakataa. Hizi ni kampuni za nyumbani, za Texas hasa.

Tarehe 1 Januari 2016 ilipofika kulikuwa na mikusanyiko na picha, kisha kimya. Wengi wenye leseni waliendelea kuficha, kwa sababu ya kibiashara kabisa: bastola inayoonekana inakufungia milango ya maduka, na inamwambia mwizi aanze na nani. Leseni zenyewe ziliongezeka, zikapita milioni moja mwaka huo.

Mtihani ulikuja Dallas, tarehe 7 Julai 2016. Maandamano ya kupinga mauaji yanayofanywa na polisi yalikuwa yakiisha kwa amani mtu mmoja alipoanza kuwalenga askari, akaua watano. Miongoni mwa waandamanaji walikuwepo watu kadhaa waliobeba bunduki ndefu begani, kihalali, chini ya ile ruhusa ya zamani. Risasi zilipolia nao walikimbia kama wengine. Polisi walisambaza picha ya mmoja wao, Mweusi mwenye bunduki, wakimtaja kuwa mshukiwa. Alikuwa hajafyatua chochote. Alimkabidhi askari bunduki yake, akahojiwa, akaachiwa, huku picha yake ikiendelea kuzunguka kwa saa kadhaa. Baadaye mkuu wa polisi wa Dallas, David Brown, alieleza ugumu wa kumtambua mwema na mbaya risasi zinapoanza na watu wengi wamebeba silaha.

Waliotetea HB 910 wana haki ya kusema kwamba zile hazikuwa bastola za leseni. Ni kweli. Lakini usiku ule ulionyesha kwa vitendo kile Dutton na wakuu wa polisi walichobishania kwa maneno, na ulionyesha kwamba wote wawili waliona sawasawa: askari hakuwa na njia ya kujua nani ni nani, na aliyechaguliwa kushukiwa alikuwa Mweusi.

Houston na Dallas zina Wakenya wengi, na Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi, kwa hiyo Kiswahili kinasikika huko makanisani na madukani. Kwao kuna jambo moja ambalo sheria ya jimbo haiwezi kulibadili. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kumiliki au kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na kibali cha uwindaji. Mkimbizi na mwenye kadi ya kijani hawamo kwenye katazo hilo. Mwanafunzi anayepiga picha na bastola ya rafiki ili awaonyeshe wa nyumbani anacheza na viza yake, hata kama Texas nzima inamwona wa kawaida.

Leseni ilianza kupungua uzito taratibu. Septemba 2017 ada ilishushwa kutoka dola 140 hadi 40. Kisha ukaja muswada wa HB 1927, ulioletwa na Matt Schaefer wa Tyler na kusainiwa na Abbott Juni 2021. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2021, mwenye miaka 21 asiyekatazwa silaha kisheria aliruhusiwa kubeba bastola Texas, ya wazi au ya kufichwa, bila leseni. Ala bado inatakiwa kwa bastola ya wazi, ila si lazima iwe ya mkandani au begani. Leseni haikufutwa. Anayetaka anaweza kuichukua, nayo inamfaa anaposafiri kwenye majimbo yanayoitambua.

Katika mjadala wa HB 1927, Baraza la Wawakilishi lilipitisha tena kifungu cha kuwazuia askari kumhoji mtu kwa sababu pekee kwamba ana bastola. Polisi wakalalamika tena, Seneti ikakiondoa, na sheria ya mwisho haikuwa nacho. Mwaka 2015 askari alitaka kuuliza kwa sababu kulikuwa na leseni ya kuulizia. Mwaka 2021 kadi hiyo haikuwa sharti tena, na bado hakutaka kunyimwa nafasi ya kuuliza. Anachokitafuta sasa ni umri na rekodi ya jinai, na vyote viwili havikai kiunoni.

Mlangoni pa maduka, HB 1927 iliongeza bango la tatu, la 30.05, kwa ajili ya wasio na leseni. Nalo ni la Kiingereza na Kihispania, herufi zake haziruhusiwi kupungua inchi moja.